Mwanga Usiounguza

Baba yangu alipofuka akinisubiri mimi. Naanza na hilo ili msomaji asije akategemea muujiza huko mbele, maana watu wetu wanapenda muujiza kuliko chai. Muujiza haupo. Kuna mzee wa Kigwa, kijiji cha Tabora, aliyekuwa akichonga mizinga ya nyuki, kuna binti yake anayekata silikoni kwa mwanga katika nchi ya baridi, na kulikuwa na simu ya kila Jumapili mchana kati yao. Maafa yote yalipitia kwenye simu hiyo, na sisi tukiongea kwa furaha.

Kazi yangu ni ngumu kuieleza hata kwa waliosoma. Chipu inayoifanya simu iwe simu hutengenezwa juu ya sahani nyembamba ya silikoni, yenye kung'aa kama kioo na kuvunjika upesi kuliko kioo. Sahani hiyo lazima ikatwe, itobolewe, ipunguzwe hapa na pale. Msumeno huacha nyufa, na leza ya kawaida huunguza kingo. Sisi tunatumia leza yenye mapigo mafupi mno, mafupi kiasi kwamba pigo limeshakwisha kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa. Wala hatupigi pigo moja moja. Tunapiga kwa mafungu: mapigo madogo mengi yanayofukuzana, kisha kimya, kisha fungu lingine. Kila pigo dogo linapakuta mahali pale bado pana moto wa pigo lililotangulia, linang'oa kidogo, na moto unaondoka pamoja na vumbi lake kabla haujazama ndani. Ukipanga vizuri unaondoa nyingi na chini panabaki pazuri. Ukikosea, silikoni inayeyuka, inatiririka, inaganda palepale ulipoitoa. Mimi nimekosea mara nyingi kuliko nilivyopatia, na hiyo ndiyo kazi ya utafiti, asikudanganye mtu.

Baba aliniuliza juu ya kazi hiyo mwaka wangu wa kwanza huko, na swali lake lilinipata nimechoka, nimechukia theluji, nimechukia hadubini, nimechukia mkate mkavu. Nilikuwa na hamu ya kuulizwa kitu na mtu anayenipenda.

"Sasa mama," alisema. Aliniita hivyo tangu utotoni kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Huo mwanga unachonga vipi?"

"Kama wewe na mzinga, baba. Ukilipiga gogo pigo moja kubwa, inakuwaje?"

"Linapasuka."

"Kwa hiyo wewe unafanyaje?"

"Nalidonoa. Haraka haraka, halafu napuliza vumbi. Halafu tena."

"Basi na mimi nadonoa."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimsikia akimgeukia mtu aliyekuwa naye uani na kumwambia kwa Kinyamwezi kwamba mwanawe anachonga mizinga kwa mwanga. Mtu huyo akasema kitu, baba akamjibu kwa ukali, kwamba kama huamini nyamaza. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za jengo letu, baridi inanikata masikio, na nilijiona mtu mwenye bahati.

Lazima niseme kidogo juu ya mizinga yenyewe, maana bila hiyo mambo yaliyofuata yataonekana ujinga mtupu, na baba hakuwa mjinga. Alichukua gogo la mninga, akalipasua katikati kwa urefu, akachimba tumbo la kila upande kwa tezo, kisha akaziunganisha pande zote mbili na kuzifunga. Mwishoni alichonga alama ya ukoo wetu, mistari miwili iliyopishana na kijitundu pembeni. Mzinga ukishapandishwa juu ya mti na alama yake, haufunguliwi na mtu mwingine. Uwe umejaa asali mpaka inachuruzika, uwe umevamiwa na siafu, mwenyewe awe yuko safarini Kaliua au amelazwa, haufunguliwi. Utapita chini yake, utaona nta imeyeyuka, utatikisa kichwa na kwenda zako. Anayefungua mzinga wa mwenzake kwa nia njema anahesabiwa vibaya kuliko mwizi, kwa sababu mwizi angalau anajua kwamba anaiba. Asali ikiharibika, iharibike.

Mimi nilikua nikidhani sheria hiyo ni nzuri. Sisi ni kizazi cha watu waliobeba mizigo ya wengine kutoka huku mpaka pwani, njia yao ilipita hapohapo Kigwa, na hadithi tulizolishwa ni za mpagazi asiyegusa kilicho ndani ya mzigo hata kama anakufa njaa. Tunajivunia mabega hadi leo. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba uaminifu nao unaweza kuua.

Basi Jumapili zikafuatana, na baba akazidi kuuliza. Niliona ajabu, kwa sababu kwa kawaida maongezi yake ya simu yalikuwa mvua, mbuzi na nani amefariki. Sasa alitaka kujua leza.

"Na huo mwanga hauunguzi?"

"Hauunguzi, baba. Ndiyo sifa yake."

"Hata ukipiga kitu laini?"

"Hata kitu laini. Wengine wanaufanyia kazi kwenye vitu laini sana."

"Na kama juu kuna utando, unaweza kuuondoa utando peke yake?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Naondoa tabaka la juu, chini hapaguswi."

"Hapaguswi kabisa?"

"Kabisa."

"Wabeja, mama," akasema, akinishukuru kwa lugha ya nyumbani, na sauti yake ilikuwa na utulivu ambao sikuwa nimeusikia tangu tulipomzika mama.

Nilikata simu nikaingia maabara nikiwa mwepesi. Niliwaza kwamba wenzangu wote wana wazazi wanaowauliza wataoa lini na watajenga lini, na mimi nina mzee wa msituni anayeniuliza kama tabaka la chini linaguswa. Siku hiyo nilipanga mafungu ya mapigo upya na kingo zikatoka safi kuliko wakati wowote. Nilimpigia tena kumwambia, ingawa haikuwa Jumapili. Naye alisema, "Vizuri. Endelea kujifunza, usiwe na haraka. Mimi nipo."

Mimi nipo. Maneno hayo nayachukia hadi leo.

Nilirudi nyumbani kiangazi kilichofuata, nilipopata likizo. Dada yangu, mkubwa wangu, ndiye anayeishi na baba. Alinipokea uwanja wa ndege wa Tabora kwa gari la kukodi. Nilimwamkia, shikamoo dada, akaitika marahaba, akanikumbatia, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyefungiwa neno mdomoni. Tulipotoka mjini nikamuuliza mzee hajambo.

"Hajambo. Ila haoni vizuri."

"Tangu lini?"

"Atakuambia mwenyewe. Mimi nimeapishwa."

Nilidhani ni mambo ya uzee. Nikatazama nje, vumbi jekundu, magunia ya mkaa kando ya barabara, na nilifurahi kuona vitu hivyo.

Tulikuta uwanja umefagiwa na kunyunyiziwa maji. Majirani walikuwa wameketi kivulini upande wa jikoni, wengi kuliko wanaokuja kumlaki mtu. Ndani, kitanda cha baba kilikuwa kimehamishiwa chumba cha mbele karibu na dirisha, kimetandikwa shuka nyeupe mpya. Baba mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wake, shati jeupe, ndevu zimenyolewa. Nilipopiga magoti kumwamkia aliweka mkono hewani, kushoto kwa kichwa changu, na ukabaki hapo ukinitafuta. Niliushika nikaupeleka kwenye shavu langu mwenyewe.

"Umekuja," alisema. "Sijala tangu jana. Nimeambiwa mtu hali kabla ya kufanyiwa."

"Kufanyiwa nini, baba?"

"Mashine iko wapi?"

Sikuelewa. Yeye akainama, akapapasa begi langu, akalikuta lile la pili, akalipapasa nalo kwa heshima, kama mtu anayepima mbuzi wa mahari.

"Iko kwenye hili kubwa?"

Hapo nilielewa. Nilielewa yote kwa mara moja, maswali ya Jumapili zote, utando, kitu laini, chini hapaguswi.

Mashine yangu inakaa juu ya meza ya chuma ambayo wanaume wazima hawawezi kuisogeza. Chumba chake hakiruhusu vumbi. Vioo vyake vikihama kwa unene wa unywele tunapoteza wiki nzima kuvirudisha. Nilijaribu kumweleza hayo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyokuwa mkali, maana mimi nikiogopa huwa mkali, tabia niliyoirithi kwake.

"Nani alikuambia mimi natibu macho?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema hauunguzi. Ulisema hata kitu laini. Ulisema unaondoa utando wa juu na chini hapaguswi." Aliyasema kwa mpangilio, bila kukosea neno, kama anayesoma sala. "Sasa kipi si kweli?"

Hakuna hata kimoja kisichokuwa kweli. Laiti ningekuwa mwongo! Mwongo angeongeza chumvi, na mzee angeshtuka, maana alikuwa hodari wa kunusa uongo. Mimi nilimpa kweli tupu iliyochambuliwa vizuri, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Nilitoka nikaenda jikoni kwa dada. Alikuwa anasonga ugali wa wageni na hakuacha kusonga.

"Niliapishwa," alisema kabla sijauliza. "Alisema nikikuambia utaacha masomo urudi, na utarudi na elimu nusu, na elimu nusu haitoi utando."

"Kwa nini hukumpeleka hospitali?"

Akauchomoa mwiko. "Nisimpeleke? Wataalamu wa macho wamekuja hapa kituo cha afya, na gari lao, na dawa zao, bure kabisa. Watu wametoka hadi vijiji vya ndani. Nimemshika mkono mpaka mlangoni. Akasimama. Akawaambia vijana wa watu, 'Mzinga wenye alama haufunguliwi na mpita njia. Macho haya yana alama ya mwanangu.' Kisha akageuka, nikarudi naye nyumbani, watu wanamsifu."

"Wanamsifu?"

"Sana. Baba mwenye msimamo." Akaurudisha mwiko chunguni na kuusukuma kwa nguvu. "Na wote tulijua ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho anaachwa akomae. Tukasema basi, akomae, na wewe ukomae na masomo yako, mkutane."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunasema hivyo kila siku, tunawaambia mabinti wanaochelewa kuolewa na vijana wanaochelewa kulima. Kwa baba hakuna aliyethubutu kuisema. Kila mtu pale kijijini alikuwa anaijua sheria ya mzinga, na kila mtu aliona kwamba inafaa. Sina wa kumgombeza. Nimetafuta sana, nimeshindwa.

Kesho yake tulimpeleka mjini. Alikubali kwa sababu nilimwambia nataka kuwauliza madaktari kuhusu vifaa, na hilo kwake lilikuwa jambo la maana, fundi anakagua zana. Jirani yetu mmoja, mama mjane aliyekuwa ameketi kivulini siku ile na macho yake mwenyewe yenye ukungu mweupe, aliomba kiti kwenye gari. Yeye naye alikuwa akinisubiri mimi, kumbe. Sasa aliona afadhali ajaribu popote.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya chini. Alimwangalia yule mama kwa muda mfupi tu. Kisha akamwangalia baba kwa muda mrefu. Akampima hivi, akampima vile, akazima taa, akawasha taa, akamwambia tazama juu, tazama pua yako. Baba alitii kila kitu kwa adabu ya mtu mzima anayewastahi vijana wa serikali. Mwishoni daktari aliomba niingie chumba cha pili.

"Huyu mama ni mtoto wa jicho, tutamfanyia na ataona," alisema. "Mzee ni presha ya macho. Ni kitu tofauti kabisa, dada. Haina cha kukomaa. Inakaa ndani kimya kimya, inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mtu anaanza kupoteza pembeni, anajigonga kwenye milango, anasema ni uzee. Halafu na katikati panafungwa."

"Kuna leza zinazotibu presha ya macho."

"Zipo. Zinapunguza presha, zinalinda kilichobaki." Alinitazama. "Kwake hakijabaki kitu."

"Angekuja mwaka jana?"

"Angekuwa anakuona."

Nilishika ukingo wa meza. Naye, nadhani kwa huruma tu, ili tuseme jambo lingine, akaniuliza nafanya kazi gani.

"Leza."

"Za macho?"

"Za silikoni."

Aliweka kalamu chini, akaiokota, akaiweka tena.

Yule mama alifanyiwa kesho yake na keshokutwa wakamfungua bandeji. Alitoka kwenye wodi akipiga vigelegele. Alisimama mbele yetu akataja rangi ya kanga ya dada, akataja doa la mafuta kwenye shati langu, akamwambia baba kwamba amezeeka vibaya. Baba alicheka akapiga makofi. Alikuwa na furaha ya kweli kwa ajili ya jirani yake, na ilinitesa kuliko kilio.

"Umesikia, mama?" aliniambia. "Huyo ni wa kisu cha mkono tu. Sasa sisi wa leza itakuwaje!"

Dada aligeukia ukutani.

Nilimweleza tuliporudi nyumbani. Nilichagua asubuhi, tukiwa wawili uani, na nilitumia Kinyamwezi, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeshaniponza. Nilisema macho yake hayana utando. Nilisema kioo cha mbele ni kizima, kisafi, hakuna cha kuondoa. Kilichokufa ni cha nyuma, na kilichokufa hakichongwi. Hakuna mwanga wa nchi yoyote unaoweza kurudisha kitu. Mwanga wangu unajua kuondoa tu, baba, haujui kuongeza. Niliyasema hayo nimemshika mikono yote miwili, mikono ya tezo, migumu kama mbao.

Kuku walikuja miguuni pake wakaondoka.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mwaka jana niliona moto wa jikoni," alisema. "Mlango nilikuwa siuoni, lakini moto niliuona. Nikasema haya, bado upo, nina muda."

Niliikaza mikono yake ndani ya yangu.

"Na hicho unachokata huko. Kinamfaa nani?"

"Kinaingia kwenye simu, baba. Simu kama hii yako."

Akaitoa mfukoni, ile simu yake ndogo ya vitufe, akaigeuzageuza, akaipapasa kwa kidole gumba. "Hii naiweza," alisema. "Hii siihitaji kuiona." Sikujua kama ananifariji au ananichoma. Aliirudisha mfukoni akaomba apelekwe kitandani.

Sasa hivi niko tena kwenye baridi. Mkataba ulinitaka nirudi, nikarudi. Nakaa mbele ya mashine, nasikia mvumo wake, naona kwenye skrini nukta ndogo ya mwanga inavyochimba, na hakuna kitu duniani ninachokijua vizuri kama hicho na hakuna kinachonichosha kama hicho. Wenzangu wanasema kazi yangu imekuwa safi. Ni kweli, imekuwa safi. Wakati mwingine naacha mapigo yaendelee baada ya tundu kwisha, yanapiga mahali ambapo hapana kitu, na siinui mkono kuyazima mpaka mtu aniite. Nimesoma yote yaliyoandikwa juu ya mshipa wa jicho. Nimewaandikia mabingwa. Wamenijibu kwa upole, wote neno moja. Waswahili wanasema mganga hajigangi, na watu wa kwetu walinirushia msemo huo kwa utani siku za mwanzo, walipoona siku zinapita na baba hajafanyiwa. Mimi hata mganga sikuwa.

Jumapili napiga simu. Tunaongea mvua, mbuzi na nani amefariki. Hajaniuliza tena habari ya leza, na mimi sina ujasiri wa kuianza.

Siku niliyoondoka Kigwa ndiyo ninayotaka kumalizia, kwa sababu ndiyo inayoniamsha. Ilikuwa alasiri. Watu walikuja kuniaga, na walikuja na swali, hilo nililijua tangu nilipowaona wakiingia pamoja. Walikuwemo wazee wenzake wa msituni, waliorina naye asali tangu ujana wao. Alikuwemo yule mama aliyeponywa, akimtazama kila mtu usoni kama mtoto mchanga. Walikuwa wamemsikia baba akinisifu mwaka mzima. Walimsifu kwa kukataa wataalamu mlangoni pa kituo cha afya. Sasa mwana amekuja, amekaa, anaondoka, na mzee bado anapapasa ukuta.

Mzee mmoja alikohoa kidogo akasema, "Sasa mwenzetu, tunaona binti anafunga mizigo. Kazi vipi?"

Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza yote, presha ya macho, mshipa, wakati uliopotea, na kuwasihi wasimsubiri mtu, wawapeleke wazee wao mapema, kila mmoja wao. Nilitaka hata kupiga kelele.

Baba aliinua mkono.

"Alitaka kunifanyia," alisema. "Amenisihi wiki nzima, dada yake shahidi. Mashine anayo, ujuzi anao, kila kitu tayari. Mimi ndiye niliyekataa."

Watu wakaguna. "Umekataa?"

"Nimekataa. Macho ya nini kwa mzee kama mimi? Nimeona ya kutosha. Nimemwambia hiyo nguvu awape vijana."

"Lakini mzee, mtoto amevuka bahari kwa ajili yako!"

"Nimesema nimekataa."

Walianza kumbembeleza wote kwa pamoja. Yule mama jirani alilia kabisa, akamwambia ajue anachokiacha, rangi zilivyo, nyuso zilivyo. Baba alitikisa kichwa. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anawaongopea kwa uso mkavu, yeye aliyekuwa akinusa uongo wa wengine kutoka mbali, na jasho lilikuwa likimtiririka kwenye nywele za kisogoni. Nilielewa kwamba amelifikiria jambo hili kwa siku kadhaa peke yake. Nilimwangalia dada. Dada aliangalia chini.

Kisha yule mzee wa kwanza akanigeukia mimi. "Binti, hebu mwambie baba yako. Wewe ndiye mwenye ujuzi. Mwambie akubali."

Baba naye akageuza uso, akauelekeza mahali alipodhani nimeketi. Palikuwa na kiti kitupu. Aliukaza hapo, ukawa unasubiri.

Nikasema, "Nimemwambia sana. Amekataa."